Kula jodari karibu kila siku: zebaki, barafu na namna ya kumpika asikauke

Mkaazi_wa_Tanga:

Salaam wakuu. Naomba msaada wa wanaomfahamu jodari vizuri, wa kopo na wa sokoni. Nyumbani amekuwa kitoweo cha kudumu. Mimi nina kilo 70, nafanya mazoezi, na mchana wangu ni kopo moja kila siku. Jumamosi tunanunua vipande vibichi vya jodari mkubwa, kama kilo moja hivi. Mke wangu ana ujauzito wa miezi mitano, uzito wake ni kilo 60, na tuna mtoto wa miaka mitatu mwenye kilo 15. Wote wanakula.

Nasikia mengi: kwamba ana zebaki, kwamba anawasha, kwamba ukimchemsha sana sumu inaisha. Nataka kujua kila mmoja wetu ale kiasi gani kwa wiki, nimkague vipi sokoni, na nimpikeje, maana wa kwetu hutoka mkavu hadi mtoto anamtema.

Kipimo_na_Lishe:

Mkuu, hongereni kwa ujauzito. Hapo umeuliza juu ya sumu mbili ambazo watu huzitia kapu moja, ndiyo maana ushauri wa mitaani haueleweki. Zebaki ni jambo la miezi na miaka: inategemea ukubwa wa samaki na unamla mara ngapi. Histamini, hiyo inayowasha, ni jambo la siku ileile: inategemea barafu. Hakuna hata moja inayoondoka kwa kuchemsha. Mimi nashika zebaki, ya barafu wataeleza wanaoshinda na samaki.

Zebaki huingia baharini ikitokea hewani na mitoni. Volkano hutoa, makaa ya mawe yakichomwa hutoa, na uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza miongoni mwa shughuli zote za binadamu. Ikifika majini, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, na hiyo ndiyo mwili wetu unaifyonza kirahisi. Viumbe vidogo vya majini huinyonya, dagaa anavila, vibua anamla dagaa, jodari anamla vibua, na kila ngazi inalimbikiza ya ngazi iliyo chini yake. Kwa hiyo jodari mkubwa aliyeishi miaka mingi anakuwa amekusanya nyingi kuliko mdogo. Imejishika kwenye protini ya mnofu, si kwenye mafuta wala ngozi. Kumwaga mafuta ya kopo, kuchuna ngozi, kuloweka kwenye ndimu, kumkausha, kumchemsha saa nzima: hakuna linalopunguza. Tena samaki akiiva anapoteza maji, hivyo gramu 100 za aliyeiva zina zebaki zaidi kidogo kuliko gramu 100 za mbichi.

Sasa hesabu. Wastani wa vipimo vya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ni hivi kwa kila gramu moja ya samaki: kopo la kawaida la jodari mdogo mikrogramu 0.126 (mikrogramu ni gramu moja ikigawanywa mara milioni), jodari mweupe wa kopo 0.35, jodari mapezi njano mbichi 0.354, jodari macho makubwa 0.689. Papa na samaki upanga wanakaribia 1. Sadini ni 0.013 tu, yaani chini ya kopo la jodari karibu mara kumi.

Ndiyo maana jambo la kwanza ni kusoma kopo, si bei. Tafuta jina la kisayansi kwenye maandishi madogo. *Katsuwonus pelamis* ndiye jodari mdogo mwenye mistari tumboni, ambaye wengi pwani humwita sehewa. Huyo ndiye wa kula mara kwa mara. *Thunnus alalunga* ni jodari mweupe, *Thunnus albacares* ni mapezi njano, *Thunnus obesus* ni macho makubwa. Kopo lisilotaja aina yoyote lihesabu kuwa la jodari mkubwa.

Kopo la gramu 170 likichujwa hubaki na nyama ya gramu 120 hivi. Zidisha kwa 0.126, unapata mikrogramu 15. Makopo saba kwa wiki ni 105. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, imeweka kikomo cha mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Kwako ni 112. Ulaya wameweka 1.3, kwako 91. Wamarekani ni wakali zaidi: 0.1 kwa kilo kwa siku, yaani 49 kwa wiki. Makopo yako saba yanapita kwa kubanana kwenye kipimo cha kwanza, yanavuka cha pili, na ni zaidi ya mara mbili ya cha tatu. Hapo bado hujajumlisha Jumamosi. Ukila gramu 250 za mapezi njano siku hiyo, umeongeza 88, na jumla yako ni 193. Umepita vipimo vyote vitatu.

Maoni yangu kwako: makopo matatu kwa wiki ya jodari mdogo, basi. Wiki mnayonunua vipande vya jodari mkubwa, kula gramu 150 (hizo ni mikrogramu 53, sawa na makopo matatu na nusu) na kopo liwe moja au lisiwepo. Siku zilizobaki kula vibua, dagaa, mayai, maharage. Protini ya mazoezi haijui imetoka wapi.

Mke wako anahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu zebaki ya methili inavuka kondo la nyuma na ubongo wa mtoto ndio unaoathirika kwanza. Kwa kilo 60, kipimo cha Marekani kinampa mikrogramu 42 kwa wiki. Mwongozo wao kwa mjamzito ni mlo wa gramu 113, mara mbili hadi tatu kwa wiki, akila samaki wenye zebaki kidogo, na kopo la jodari mdogo limo humo. Akichagua mapezi njano au jodari mweupe, ni mlo mmoja tu kwa wiki nzima, bila samaki mwingine. Macho makubwa wamemkataza kabisa. Uingereza wamelegeza kidogo: hadi makopo manne kwa wiki yenye gramu 140 za nyama iliyochujwa, au vipande viwili vya gramu 170 vikiwa vibichi. Mimi nashika wa Marekani. Papa, nduwaro na samaki upanga asiguse hadi ajifungue na amalize kunyonyesha.

Asiache samaki, tafadhali. Wajawazito wengi wakisikia zebaki wanakimbilia soseji, na mtoto anakosa mafuta ya omega-3 na madini ya joto ambavyo ubongo wake unavihitaji. Dagaa na vibua wana omega-3 nyingi kuliko jodari wa kopo, na dagaa anayeliwa na mifupa yake anampa mama kalisiamu juu yake.

Mtoto wa miaka mitatu: gramu 28 kwa mlo, mara mbili kwa wiki, ya kopo la jodari mdogo. Hiyo ni vijiko viwili vya chakula. Jumla yake ni mikrogramu 7, na kikomo chake cha Marekani ni 10.5. Kipande cha jodari mkubwa cha gramu 50 peke yake kingempa karibu 18.

Mwili unaitoa zebaki, ila polepole. Nusu ya iliyomo huondoka kwa takriban siku 50, kwa hiyo mwanamke anayepanga kushika mimba apunguze jodari mkubwa miezi kadhaa kabla. Na msitishwe na picha za Minamata zinazosambazwa. Ule ugonjwa uliotambuliwa Japani mwaka 1956 ulitokana na kiwanda kilichomwaga taka zenye zebaki ndani ya ghuba ambako watu walivua kila siku. Hakuna anayefika huko kwa makopo ya mchana.

BarafuKwanza:

Naongeza upande wa sokoni, maana huko ndiko watu wanakoumia haraka.

Mnofu wa jodari una histidini, kijenzi kimojawapo cha protini, nyingi kwa asili. Haina madhara. Lakini kwenye matamvua na matumbo yake kuna bakteria, na samaki akishakufa huku ana joto, wanaanza kuigeuza histidini kuwa histamini. Jodari ana tatizo la pekee: damu yake ina joto kuliko maji anayoogelea, na akihangaika kwenye ndoano joto linapanda zaidi. Samaki wa kilo 30 aliyelazwa kwenye ngalawa anaweza kuwa baridi kwa nje huku kiunoni, karibu na mfupa, bado ana moto. Kwa jua la pwani, saa chache zinatosha kumharibu.

Histamini ikishatengenezwa, imetengenezwa. Mafuta ya moto, moshi, kugandisha, hata joto la kiwandani la kutengenezea makopo, vyote havifui dafu kwake. Friji inazuia isiongezeke haraka, hairudishi nyuma. Na samaki anaweza kuwa hana harufu mbaya hata kidogo, huku ana histamini ya kulaza watu.

Kanuni ya wanaosafirisha samaki: hewa ikiwa juu ya nyuzi 28, jodari awe kwenye barafu ndani ya saa 6 tangu afe. Barafu iwe kilo kwa kilo, uzito wa samaki sawa na uzito wa barafu, iliyopondwa. Bonge zima linagusa samaki sehemu mbili tatu tu, kwingine kote kuna hewa. Bora zaidi ni kumzamisha kwenye maji ya bahari yaliyojaa barafu. Atolewe matamvua na matumbo, tumbo lijazwe barafu, na maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea, asilale ndani ya maji ya damu.

Wewe mnunuzi hukuwepo baharini, kwa hiyo unakagua dalili. Nenda asubuhi chombo kinapofika au mnada unapoanza. Uliza alivuliwa lini, kisha usitegemee jibu, gusa. Ingiza kidole tumboni au kando ya mfupa wa mgongo: pawe baridi ya barafu. Pakiwa vuguvugu, ondoka, hata kama macho yanang'aa. Matamvua yawe mekundu, si ya kahawia wala yenye ute mzito. Bonyeza mnofu, shimo lirudi. Nusa kando ya mfupa, kwa sababu ngozi huoshwa na mfupa hausafishiki. Kipande kilichokatwa kikalazwa mezani bila barafu saa tano za mchana usikichukue, hata wakikupa nusu bei. Kikishapita pale hakuna pishi la kukiokoa.

Ukiweza kuchagua, chukua mkiani au katikati ya mgongo. Histamini haisambai sawasawa. Mara nyingi sehemu ya mbele, karibu na matamvua na tumbo, inakuwa nayo zaidi. Ndiyo sababu watu wanne wanakula samaki mmoja na mmoja tu ndiye anayewashwa.

Nenda sokoni na ndoo yenye mfuniko na barafu ndani, au kikasha cha kupozea. Nusu saa kwenye daladala na mfuko mweusi ni sehemu ya muda wa kuharibika, watu wanausahau. Nyumbani mpike siku ileile. Anayebaki mkate vipande vya mlo mmoja mmoja, funga bila hewa, andika tarehe, weka kwenye friza ya nyuzi -18. Miezi mitatu inatosha, baada ya hapo mafuta yake yanachacha. Umeme ukikatika usifungue friza. Iliyojaa hushika baridi kama saa 48, yenye nusu saa 24. Jodari aliyeyeyuka na kupata joto zaidi ya saa mbili, tupa. Usimgandishe tena.

Dalili za histamini huanza kati ya dakika 10 na saa moja baada ya kula. Ladha ya pilipili mdomoni ambayo haimo kwenye mchuzi, midomo kuchoma, uso na shingo kuiva, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, vipele, kuhara. Ukiisikia ladha hiyo ya pilipili, tema na uache sahani nzima. Kwa kawaida huisha ndani ya saa 12 hadi 24, na dawa za mzio kama setirizini au klofeniramini hupunguza. Anayebanwa pumzi, kuvimba ulimi au kuishiwa nguvu apelekwe hospitali mara moja, asisubiri kidonge.

Wengi wakipatwa na hili huambiwa wana mzio wa samaki, wakaacha samaki maisha yote. Angalieni mezani: kama wawili watatu wamewashwa kwa samaki mmoja, au kama mtu huyohuyo alimla jodari juzi bila tatizo, kosa ni la barafu. Mzio wa kweli haubagui samaki mbichi na aliyelala.

Mkaazi_wa_Tanga:

Nashukuru sana, wakuu. Maswali mawili ya haraka. Vipande vya duka kubwa vilivyofungwa kwenye plastiki isiyo na hewa ni vyekundu vya kung'aa, vya sokoni ni vya kahawia kidogo. Wale wa dukani ndio wabichi zaidi? Na kopo lililofunguliwa linakaa siku ngapi?

BarafuKwanza:

Hapana, rangi inadanganya pande zote mbili. Ukahawia ni hewa kukutana na protini nyekundu ya mnofu. Unaweza kuupata kwa samaki wa asubuhi ileile akikatwa na kuachwa wazi. Na mnofu mweusi ulio kandokando ya mfupa si uchafu, ni msuli wa kuogelea wenye damu na chuma nyingi, ila unawahi kuharibika na ladha yake ni kali.

Wekundu wa tikiti unaofanana kipande kizima, mwanzo hadi mwisho, mara nyingi umetokana na gesi ya kaboni monoksidi. Gesi yenyewe kwa kiasi kile haikudhuru unapokula, lakini rangi inabaki nyekundu hata samaki akiwa amechakaa, na ndiyo sababu Umoja wa Ulaya umeikataza. Usiitumie rangi kama kipimo kwa vipande hivyo. Soma tarehe na hakikisha vimeganda kabisa, bila barafu ya maji ndani ya mfuko, ambayo ni dalili kwamba viliyeyuka vikagandishwa tena.

Na hili ni muhimu: kabla ya kukiyeyusha, kata mfuko au kitoe kabisa. Kwenye mfuko usio na hewa bakteria wa botulizimu wanaweza kutengeneza sumu kipande kikipata joto. Kiweke kwenye bakuli lenye mfuniko, chini kabisa ya friji, usiku kucha, ukipike ndani ya saa 24. Usikiyeyushe kwenye sinki.

Kopo likifunguliwa, hamishia nyama kwenye chombo cha kioo au plastiki chenye mfuniko, weka kwenye friji, siku tatu, mwisho nne. Joto la kiwandani liliua bakteria, lakini kijiko chako na hewa vinawarudisha, na histidini bado imo. Saladi ya jodari iliyoshinda juu ya meza ya ofisi ni chanzo kizuri sana cha histamini. Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono wa pembeni usilionje. Ukifungua ukakuta nyama ina vitundu vitundu kama sega la nyuki, itupe pia, kwa sababu hiyo ni alama kwamba samaki aliharibika kabla hajaingia kiwandani.

BiMwana_Jikoni:

Mwanangu, jodari wako anakauka kwa sababu hana mafuta ya kumlinda, halafu mnampika kwa muda wa nyama ya ng'ombe. Mapezi njano hana hata gramu moja ya mafuta kwa gramu 100. Mnofu wake unaanza kujikunja kwenye nyuzi 50, umeiva vizuri nyuzi 63, na ukipita 70 umekamua maji yake yote. Hapo hata ukimrudishia mchuzi haunywi.

Mkate vipande vya unene mmoja, sentimita 2.5 hadi 3, ukikatiza nyuzi za nyama. Unene ukitofautiana, chembamba kinakuwa kuni wakati kinene kibichi. Mweusi wa kando ya mfupa utoe, upike kwenye mchuzi wa viungo vingi, usiutupe.

Kisha chumvi ya maji: lita moja ya maji baridi, gramu 50 za chumvi, ndizo vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa. Loweka dakika 20 ndani ya friji, toa, futa hadi akauke kwa nje. Hii inashika maji ndani ya mnofu na kuzuia ule utando mweupe unaotoka samaki akipikwa. Usitie chumvi nyingine baadaye. Ndimu iwe dakika 10 hadi 15 tu, mwisho kabisa. Watu wanamlaza kwenye ndimu toka asubuhi wakidhani inaua sumu. Haiui, inaupika mnofu kabla ya moto, na ukifika jikoni unamong'onyoka.

Kwa fraipani, tumia nzito, mafuta vijiko viwili vya chakula, moto wa juu kiasi hadi mafuta yaanze kutetema. Weka vipande visigusane. Dakika nne upande mmoja bila kumgusa, geuza mara moja, dakika nne tena. Epua kwenye nyuzi 60, funika dakika tatu. Joto lililomo litamfikisha 63. Kama huna kipimajoto, tia uma kwenye sehemu nene: matabaka yaachane yakiwa bado na maji, rangi iwe imekolea weupe wa maziwa hadi ndani. Huyo mama mjamzito na mtoto wasipewe chenye waridi katikati.

Akishikamana na fraipani, ama ulimweka kabla mafuta hayajapata moto au hukumfuta. Ukijaza fraipani, moto unashuka, maji yanatoka, anachemka badala ya kukaangika.

Wa kupaka, kwa kilo moja: tui zito mililita 400, ukwaju uliokamuliwa vijiko viwili vya chakula, kitunguu saumu punje 6 na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba vilivyotwangwa, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, pilipili mbuzi moja, chumvi kidogo sana. Chemsha kwa moto mdogo ukikoroga dakika 10 hadi 12, mpaka lishike mgongo wa mwiko. Moto ukiwa mkali tui linakatika na mafuta yanaelea. Mkaa uwe umeshika jivu jeupe. Uweke mkono sentimita 10 juu yake, ukiweza kuvumilia sekunde tatu nne, moto ni sawa. Pangusa wavu mafuta. Choma bila tui dakika tatu kila upande, ndipo uanze kupaka, geuza, paka, dakika moja moja, mara mbili. Ukipaka mwanzoni tui linadondoka kwenye makaa, moto unapanda, nje kunaungua na ndani hakujaiva.

Mchuzi wa nazi: kaanga vitunguu viwili hadi vilainike, saumu na tangawizi, kijiko cha chai cha bizari ya mchuzi, nyanya nne hadi ziachie mafuta. Tui jepesi nusu lita, ukwaju, acha dakika 10. Samaki mbichi anaingia hapo, mchuzi ukitokota polepole, dakika saba au nane. Usikoroge, tikisa sufuria. Tui zito mililita 200 mwisho, dakika mbili, epua. Wanaopenda kumkaanga kwanza wampe dakika moja tu kila upande, apate rangi, kisha dakika tano mchuzini. Kumkaanga akaiva halafu kumchemsha tena ndiko kunakowafanya watoto wamteme.

Wa kopo ameshaiva kiwandani, anahitaji kupashwa tu. Pika rosti yako ya kitunguu, nyanya na hoho hadi iive kabisa, mtie mwisho, dakika mbili, kwa ugali au chapati.

Katlesi ni nzuri kwa huyo mdogo. Viazi gramu 500, chemsha, mwaga maji, rudisha sufuria motoni dakika moja vikauke, ponda vikiwa moto. Makopo mawili ya jodari, chuja kisha kamua kwa mkono mpaka maji yaishe. Katlesi zinazopasuka kwenye mafuta kosa lake ni hapa. Changanya na kitunguu kilichokatwa chembamba, giligilani, pilipili manga, ndimu nusu. Finyanga 12, ziweke kwenye friji nusu saa zishikane, chovya kwenye yai, kaanga dakika tatu ukigeuza. Katlesi moja ina jodari gramu 20, kwa hiyo huyo wa miaka mitatu apewe moja, kesho nyingine, na ya tatu isubiri wiki ijayo.

Jirani_Kisauni:

Niongeze swali hapohapo. Mgonjwa anayetumia dawa za kifua kikuu anaweza kula jodari?

Kipimo_na_Lishe:

Swali zuri sana, ndugu yangu, na wengi hawaambiwi. Aache kwa muda wote wa dawa. Isoniazidi, ambayo imo kwenye matibabu ya kawaida ya kifua kikuu toka mwanzo hadi mwisho na ambayo pia hupewa watu wanaoishi na VVU kama kinga, inazuia vimeng'enya ambavyo mwili hutumia kuivunja histamini. Jodari mwenye histamini kidogo, ambayo mtu mwingine hata haisikii, inaweza kumwasha uso, kumpiga kichwa na kumwendesha moyo mbio. Asikatishe dawa kwa sababu ya hilo. Akatishe samaki wa jamii hiyo: jodari, sehewa, vibua, sadini. Tilapia na changu hawana histidini nyingi kiasi hicho, wanamfaa. Akiwashwa, aende kituo anakochukulia dawa awaeleze alikula nini, wasije wakadhani ni mzio wa dawa na kumbadilishia matibabu bure.

Mwenye jongo naye apunguze, maana jodari huongeza asidi ya yuriki. Na mwenye presha achague kopo la maji badala ya la maji ya chumvi. Akikosa, achuje na kuisuuza nyama kwenye chujio chini ya bomba kwa dakika moja kabla ya kuipika.

Mkaazi_wa_Tanga:

Nimeelewa. Makopo matatu kwangu, mama mawili, mtoto vijiko viwili mara mbili, na Jumamosi tutageukia vibua. Je, vibua navyo nivikague vilevile?

BarafuKwanza:

Vilevile kabisa, tena kwa ukali zaidi. Zebaki yake ni ndogo, lakini histidini anayo nyingi, na kwa kuwa ni mdogo anapata joto haraka akiachwa juani. Ana nafuu moja: anapoa haraka pia ukimzika kwenye barafu. Nunua akiwa mgumu, ukimshika kichwa mkia usilegee, mtoe matumbo na matamvua mara ufikapo nyumbani, na umpike siku hiyohiyo.